Jina Kwenye Kadi ya Gari

Tacoma, Washington
14 Januari 2024

Kwa Baba Mkubwa Shigeaki,

Pokea heshima zangu za mwaka mpya, ingawa zimechelewa wiki mbili. Natumaini baridi ya Kiryu haijakubana sana, na ule upepo wa mlimani umekuachia madirisha yako. Sisi huku hatujambo. Kanon ametimiza miaka tisa na amenizidi Kiingereza. Ananisahihisha dukani mbele za watu. Mume wangu Darrell bado yuko kwenye yadi yake ya magari. Siku ya mwaka mpya nilipika supu ya mochi kwa kubahatisha. Kanon alionja donge moja, akasema linanata kama gundi, akarudi kwenye mkate wake.

Najua sijakuandikia tangu huyu mtoto azaliwe. Sina la kujitetea. Kwa simu husikii, nami nilikuwa naahirisha mpaka kuahirisha kukawa mazoea.

Baba Mkubwa, nina jambo dogo la kuuliza. Lile gari la baba, Skyline ya buluu, bado lipo? Ningependa liwe kwangu. Baba hakuniachia kitu kingine. Ningefurahi Kanon apate cha kumjulia babu yake.

Jitunze na barafu njiani.

Wako,
Chizuru


Kiryu, Gunma
26 Februari 2024

Mwanangu Chizuru,

Barua yako ilifika mwezi uliopita. Niliiweka kwenye altare ya nyumbani mbele ya picha ya baba yako, nikamwachia aisome kwanza. Naona amemaliza.

Mimi nipo. Goti la kulia limefanyiwa upasuaji, linapanda ngazi sasa, ila kushuka halitaki. Sikio la kushoto limekufa kabisa. Miaka arobaini ya kelele za mitambo ya kufumia imelimaliza. La kulia husikia vizuri ninaposengenywa. Bi. Hisae wa jirani ananiletea tambi kila Jumatano na hukaa kuhakikisha nimekula, kana kwamba ndiye aliyenizaa. Ile hoteli ya tambi pana karibu na stesheni, uliyokuwa ukilia upelekwe, imefungwa Novemba. Mwenyewe amezeeka na mwanawe hataki kusimama jikoni.

Gari lipo. Liko bandani, pale palipokuwa na mitambo. Nimelifunika. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi naliwasha dakika ishirini, na kila baada ya miaka miwili nalipeleka kukaguliwa.

Unataka kitu cha kumkumbukia baba yako. Nimeambatanisha picha yake, amekaa mlangoni anakula tikiti. Pia ana kaburi, nalo halijahama.

Mbona mwaka huu?

Shigeaki


Tacoma
10 Machi 2024

Kwa Baba Mkubwa,

Asante kwa picha. Nimeitia kwenye fremu na kuiweka juu ya piano. Kanon aliuliza huyu mtu mwenye mbegu kidevuni ni nani. Pole kwa goti. Mpe Bi. Hisae salamu zangu. Namkumbuka alivyokuwa akitupigia kelele tukichuma zambarau zake za Kijapani zikiwa mbichi.

Umeuliza mbona mwaka huu. Jibu lake ni rahisi. Sheria ya hapa hairuhusu gari la aina ile kuingia mpaka litimize miaka ishirini na mitano tangu litoke kiwandani. La baba limetimiza mwezi huu. Miaka yote hiyo hata ningetaka nisingeweza.

Mwana ndiye mrithi wa baba yake, na baba hakuwa na mtoto mwingine. Sidhani kama kuna la kubishania hapo. Nakuomba tu karatasi. Darrell atagharimia usafiri wote kutoka Yokohama, wewe hutatoa hata yeni moja. Tukiharakisha, litafika kabla ya shule kufungwa.

Kama kuna madalali wanaokuja kukusumbua, tafadhali usiwasikilize.

Chizuru


Kiryu
2 Mei 2024

Mwanangu Chizuru,

Maua ya micheri yamekwisha. Mwaka huu yalichelewa, na mvua ikayamaliza kwa siku mbili. Nilipata mafua nikalala wiki nzima, ndiyo maana nimekawia. Ndiyo maana mojawapo.

Unaniambia nisiwasikilize madalali. Kumbe unajua wapo. Hapa kwangu sanduku la barua lina kadi zao nyingi kuliko kadi za mwaka mpya. Kuna mmoja alitoka Osaka, akavua viatu, akaipigia magoti altare ya baba yako na kumwashia ubani, mtu ambaye hakumjua. Baada ya chai akataja bei: yeni milioni ishirini na mbili. Nikamwambia arudie kwenye sikio la kulia. Akarudia. Baba yako alilinunua jipya kwa milioni tano na ushee, na mwaka aliofariki hakuna ambaye angetoa hata milioni tatu. Halijabadilika, Chizuru. Limekaa pale pale, likizeeka kama mimi, na mimi bei yangu haikupanda.

Sasa kuhusu urithi. Tazama kwenye kadi ya gari, nakala yake hii hapa. Pana mistari miwili. Mstari wa mtumiaji una jina la baba yako, Masanobu. Mstari wa mmiliki una jina langu. Mwaka ule karakana yetu ilikuwa inakufa, hakuna aliyenunua tena mikanda ya kimono, na muuza magari alipoona daftari zetu akakataa kumkopesha baba yako kwa jina lake. Baba yako akaja kwangu na keki ya njugu za chestinati. Nikamwambia ni mwendawazimu. Kisha nikaweka muhuri wangu.

Alilipa yeye, mwezi kwa mwezi, miaka mitano. Hilo silikatai. Lakini bila muhuri wangu halitoki bandani.

Njoo. Nauli ya ndege si kitu kwa watu wenye yadi ya magari. Njoo ulale siku mbili, tuzungumze.

Shigeaki


Tacoma
12 Mei 2024

Kwa Baba Mkubwa,

Nimefurahi kusikia mafua yamepona. Huku hatujambo.

Umeniandikia kuhusu miaka mitano aliyolipa baba. Uliwahi kujua ililipwaje? Mimi najua, maana nilikuwa nakula. Tulikula wali na yai. Yai moja tuligawana mimi na mama, na mama alisema hapendi kiini. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Safari ya shule kwenda Nikko nilikaa nyumbani, nikamwambia mwalimu nina homa. Siku hiyo hiyo baba alikuwa uani analisugua gari kwa kitambaa kipya, cheupe, kilichonunuliwa dukani. Nilimtazama kutoka dirishani. Alikuwa anaimba.

Mama alipoondoka nami mwaka uliofuata, baba hakuja stesheni. Aliniambia kwenye simu kwamba alikuwa na safari ambayo hakuweza kuiahirisha. Safari, na lile gari. Nimeishi na neno hilo.

Kwa hiyo usinionyeshe mistari miwili kwenye karatasi. Lile gari limekula utoto wangu. Kama kuna mtu duniani anayelidai, ni mimi. Uliweka muhuri wako dakika moja. Sisi tuliweka matumbo.

Siwezi kuja. Kanon ana shule na Darrell hawezi kuacha kazi. Tafadhali nitumie karatasi.

Chizuru


Kiryu
20 Juni 2024

Chizuru,

Mvua za majira zimeanza na banda linavuja pembe ya kaskazini. Nimelisogeza gari upande wa pili.

Barua yako niliisoma na kuirudia. Ile habari ya yai sikuijua. Ningeijua, ningesema neno. Labda nisingesema. Tulikuwa watu wa kunyamaza, mimi na baba yako, na wewe ni wa damu hiyo hiyo.

Nikuambie ile safari. Bibi yako figo zilikuwa zimekufa. Ilibidi asafishwe damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kliniki ikiwa ng'ambo ya mto, kila mara muda wa saa nne kitandani. Mimi ndiye mkubwa, ilikuwa kazi yangu. Nilisema siwezi kuacha mitambo. Ukweli ni kwamba sikuweza kumtazama mama akitolewa damu. Masanobu alikuwa na kigari chake kibovu, na kila mtikisiko wa barabara ulimfanya mama alie kwa maumivu ya mshipa wa mkono. Ndipo akanunua lile. Muuzaji alishangaa kwamba mteja haulizi mwendo wake ila anauliza kama linatulia barabarani. Gari la watu wa mashindano, naye akaliendesha kama anabeba bakuli la supu. Madereva wa malori walimpigia honi. Mama alikuwa anafurahi, anapungia watu mkono.

Mlipoondoka ilikuwa Jumatano. Ndiyo hiyo safari.

Nilimwambia akueleze. Akasema mtoto asibebeshwe ugonjwa wa bibi yake. Mama yako alijua. Muulize.

Sasa la pili. Jumanne alikuja mtu wa makamo, Nomoto, wakala wa kusafirisha magari kutoka Yokohama, na kamera na taa ndogo ya kumulika chini. Akanionyesha barua yenye sahihi yako. Alipiga picha kila skrubu. Nilimwambia sijakubali kitu. Akainama, mtu mpole, akasema, "Mzee, mimi nilidhani mmeshamaliza kifamilia. Mteja wa Texas ametoa kishika uchumba tangu Desemba."

Nikamwomba arudie. Akasema Desemba.

Barua yako ya kwanza, ile ya supu ya mochi na Kanon kumjua babu yake, ni ya tarehe kumi na nne Januari.

Shigeaki


Tacoma
1 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Ni kweli.

Darrell alijua habari za gari tangu tulipooana. Nilimsimulia kama kichekesho, baba yangu na gari lake. Mwaka jana yadi ilianza kuzama. Akalitangaza bila kuniambia, kisha akaniambia, nami sikumkataza. Nilikaa mezani siku tatu kutafuta namna ya kukuandikia. Ile supu niliipika kweli. Kanon alisema vile kweli. Mengine niliyatafuta.

Nilimpigia mama. Nilimuuliza kuhusu kliniki. Akasema, "Ningekuambia, ungetaka kurudi kwake."



Lakini yule mtu wa Texas amekwishatoa fedha, na fedha zimekwishaingia kwenye yadi, haziko tena. Gari lisipokuja tutapoteza nyumba. Nasema hivi kwa kuwa umechoka kudanganywa. Bado naomba karatasi.

Chizuru


Kiryu
9 Septemba 2024

Chizuru,

Joto la mwaka huu limewamaliza wazee wawili mtaani kwetu. Mimi limeniacha. Bi. Hisae ameanguka bafuni na yuko hospitali. Jumatano nampelekea tambi mimi.

Nilingoja Julai yote. Nilidhani labda utakuja mwenyewe. Mwezi wa nane, wakati wa kuwakaribisha wafu, niliwasha taa mlangoni, nikatandika godoro la pili. Nilijiambia ni la Masanobu.

Wiki iliyopita nilikwenda manispaa, nikachukua hati ya kuthibitisha muhuri wangu. Nomoto akaja na lori la kubebea magari. Tulikaa mezani, nikagonga muhuri mara tatu. Wa pili ulienda upande, ikabidi aandike karatasi upya. Ameandika bei ya dola moja, anasema ni desturi kati ya ndugu. Sasa mmiliki ni wewe. Nimeangalia. Umeandikwa kwa jina la ukoo wa mume wako, si letu la Nukui.

Kabla hajalipandisha niliingia, nikawasha. Nilitaka niende nalo mpaka kliniki na kurudi, kilomita nne tu. Nomoto akaja dirishani na kofia mkononi. Akasema, "Mzee, nisamehe. Namba ya kilomita imeshaandikwa kwenye mkataba. Ikibadilika, bei inabadilika."

Nikazima. Miaka kumi na minane ningeweza kuliendesha bila kumwuliza mtu.

Sitaki sehemu ya fedha. Usinitumie.

Shigeaki Nukui


Tacoma
30 Novemba 2024

Baba Mkubwa,

Natumaini Bi. Hisae ametoka hospitali na baridi haijaanza kukusumbua goti. Kanon amejiunga na timu ya kuogelea. Yadi imesimama, nyumba ipo. Mimi na Darrell tunaishi ndani yake kama wapangaji wawili, tunaachiana jokofu na bafu kwa zamu.

Sijui kama una haja ya kusikia, lakini nakuandikia yaliyobaki.

Gari liliteremshwa hapa hapa bandarini Tacoma, Oktoba, kwa hiyo nilikwenda. Nilimwomba mlinzi aniruhusu nikae ndani dakika chache. Akatazama karatasi, akaona jina langu, akashangaa kwamba naomba ruhusa. Nilivua viatu. Nilikaa kiti cha abiria, kwa kuwa cha dereva sikuthubutu.

Kiti kilikuwa na harufu. Kafuri na minti, ile ya plasta za maumivu. Imeingia ndani ya sponji. Nikajua ni bibi, katika zile safari zake za kliniki. Nililia pale mpaka mlinzi akaja kugonga kioo.

Mtu wa Texas alituma fundi wake kulikagua. Akaandika kwamba rangi safi, injini safi, chini hamna kutu, ila ndani kuna harufu kama ya wodi, na kwa bei ile ya dola laki moja na elfu themanini hawezi kuikubali. Alitaka apunguziwe dola elfu sita au harufu itoke. Darrell akasema kusafisha kwa mvuke ni dola mia nne. Ilihitajika sahihi ya mmiliki.

Nilisaini, Baba Mkubwa. Walikifungua kiti, wakatoa sponji ya zamani, wakaipiga mvuke mara tatu, na ilipokuwa bado inanukia wakaitupa, wakaweka mpya. Sasa liko Texas, kwenye chumba cha kioo chenye kiyoyozi. Halitaendeshwa. Nimeliona kwenye picha. Jamaa amesimama pembeni yake na bilauri.

Nimekuandikia kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyemjua bibi. Nilimtupa bibi kwa dola mia nne. Nilitaka mtu mmoja ajue.

Kanon anauliza kama anaweza kukuandikia. Anaandika vibaya, lakini anaandika.

Chizuru


Kiryu
22 Desemba 2024

Kwa Bi. Chizuru Pruitt,

Barua yako imefika. Bi. Hisae alifariki mwezi uliopita, tulimzika siku ya upepo. Bandani sasa jirani mwingine anaegesha gari lake la kupeleka maziwa. Analipa vizuri.

Mtoto aandike akitaka. Mwandiko mbaya si kosa.

Nakusahihisha jambo moja, kwa kuwa umeliandika kama kitu unachokijua. Bibi yako alichukia kafuri. Hakuwahi kubandika plasta maisha yake yote, alisema zinanuka kama kabati la maiti. Alifariki mwaka 2004, na kiti kilikuwa hakinuki kitu.

Zile plasta zilikuwa za Masanobu. Saratani ilianzia kwenye kongosho ikamshika mgongo, na mwaka wa 2006 hakuweza tena kushika usukani. Alibandika tatu tatu, kiunoni mpaka mabegani. Alikaa kiti hicho, na mimi niliendesha, Machi mpaka alipofariki Oktoba. Nilikuandikieni wewe na mama yako, mlipokuwa Nagoya, barua mbili. Kila tulipopita stesheni aliniambia nipunguze mwendo, kama kuna treni imeingia, aangalie wanaoshuka.

Shigeaki Nukui